Mchezaji Anapougua, Tusimhukumu

Kijana wetu wa Kidatu, mcheza kandanda, akianza kujikwaa, kufa ganzi miguu au kuona ukungu machoni, wapo miongoni mwetu wamwitao mvivu au aliyerogwa. Tujihadhari. Yapo maradhi yaitwayo maltipo sklerosisi, ingawa ni adimu kwetu: kinga ya mwili huishambulia ala ya neva za ubongo na uti wa mgongo. Hayaambukizi. Hayajapatiwa tiba ya kuyamaliza, bali dawa hupunguza makali yake. Chris Wright, mcheza mpira wa kikapu wa Marekani, aligunduliwa kuwa nayo mwaka 2012. Machi 2013 akaichezea Dallas Mavericks katika NBA. Basi wazazi, tumwahishe kijana hospitalini. Afya ni amana, na kumdhania mgonjwa vibaya ni kumdhulumu.