Bwawa la Kamba Lisiwe Kaburi la Mikoko

Juzi, baada ya somo la jiografia, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinifuata hadi mlangoni mwa chumba cha walimu akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa kamba wana bei kubwa hivyo hotelini na ng'ambo, mbona sisi watu wa Pwani tusiwafuge kama kuku?" Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa kengele ilikuwa imelia. Lakini swali lile halijanitoka. Kuuliza si ujinga, na swali la namna hii lastahili jibu kamili, nami nimeonelea nilitoe hapa ili walimu wenzangu na wanafunzi wao walipime.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sipingi ufugaji wa samaki, wala wa kaa, chaza na kamba. Vijana wetu wanahitaji kazi, na bahari ya karibu imekwisha kuchoshwa na nyavu. Ninachokipinga ni ile desturi ya kuchimba kwanza na kuuliza baadaye.

Tuanze na elimu ya viumbe. Kamba hutaga mayai katika maji ya kina. Watoto wao wachanga huchukuliwa na mikondo hadi kwenye hori, na huko hujificha na kukua baina ya mizizi ya mikoko kabla ya kurudi baharini. Kaa na samaki wengi nao hupitia huko huko. Basi mtu anayefyeka mikoko ili afuge kamba hana tofauti na yule anayebomoa shule ya chekechea ili apate mahali pa kuuzia sare.

Kuna na somo la kemia. Tope la mikoko lina madini ya chuma na salfa. Likikaa chini ya maji halidhuru kitu. Likifukuliwa na kupigwa na hewa, salfa ile hugeuka kuwa asidi ya salfuriki, na maji ya bwawa huchachuka. Aidha, kamba wanaofugwa kwa wingi hulishwa chakula kilichotengenezwa kwa samaki wadogo waliosagwa. Mabaki ya chakula hicho, pamoja na vinyesi, humwagwa horini, yakarutubisha mwani, na mwani huo unapooza hula oksijeni ya samaki wa jirani. Isitoshe, maji ya chumvi yanayotuama katika mabwawa hupenya ardhini hadi kwenye visima. Mfugaji huvuna kamba. Jirani yake huvuna maji asiyoweza kuyanywa.

Haya si mambo ya kubuni. Katika miaka ya 1980 Taiwan ilikuwa miongoni mwa vinara wa ufugaji wa kamba duniani, na kufikia mwaka 1988 magonjwa yalikuwa yameuporomosha. Nchini India, malalamiko ya watu wa pwani yalifika Mahakama ya Juu, nayo tarehe 11 Desemba 1996 ikaamuru mabwawa ya kisasa ya kamba yaliyojengwa katika ukanda wa pwani unaolindwa na sheria yaondolewe, huku ikiruhusu ufugaji wa jadi. Hata hivyo, mwaka 2005 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoufungulia mlango ufugaji huo chini ya leseni. Ushindi wa mahakamani peke yake haukutosha.

Jirani zetu wa Tanzania nao walijaribiwa. Mwaka 1997 serikali yao iliidhinisha shamba la kamba la maelfu ya hekta katika delta ya Rufiji, penye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote katika Afrika Mashariki, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilikuwa limeshauri vinginevyo. Wakazi wa delta, wavuvi na wakulima wa mpunga, hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu kuupinga mradi huo. Shamba lile halikujengwa, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Na sisi je? Mwishoni mwa miaka ya 1970, shamba la majaribio la kamba lilianzishwa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mabwawa yalichimbwa katika eneo la mikoko. Neema iliyotarajiwa haikudumu. Upande huo huo wa pwani kuna mashamba ya chumvi, na mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi iliyobeba vilio vya wakazi wa Magarini: kuondolewa katika ardhi, visima kuingiwa na chumvi, mikoko kukatwa. Chumvi si kamba, nakubali. Lakini ni bwawa lile lile, tope lile lile, na mwananchi yule yule anayeambiwa habari baada ya tingatinga kufika.

Hatukosi sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka athari za mradi zitathminiwe kabla haujaanza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara. Taabu ni kwamba ripoti za tathmini mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza kigumu, kurasa kwa kurasa, kisha mvuvi huitwa barazani akaulizwa kama ana neno. Atakuwa na neno gani juu ya asichokisoma?

Hapo ndipo ninapowageukia walimu. Katika vijiji vingi vya pwani, mwalimu ndiye mtu wa karibu anayeweza kuifungua ripoti kama hiyo na kuieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mradi ukija kwenu, iombeni ripoti, isomeni pamoja na wanafunzi wenu, kisha waacheni vijana hao waulize maswali matatu mbele ya wazee. La kwanza: ardhi hii ni ya nani, na nani atapoteza njia ya kufika ufuoni? La pili: maji machafu yatakwenda wapi? La tatu, ambalo husahaulika sana: bwawa likifa, nani atalifukia na kupanda mikoko upya, na fedha za kazi hiyo zimewekwa wapi? Mwekezaji mwema atajibu. Asiyekuwa na jibu atakuwa amejibu pia.

Wala tusidhani kuwa tumebaki na kukataa tu. Samaki aina ya mwatiko waweza kufugwa katika mabwawa madogo nyuma ya mikoko bila kuikata. Chaza hahitaji kulishwa. Hujichujia chakula katika maji, ingawa maji hayo yakiwa na uchafu wa mji, uchafu huo utafika mezani. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, wanatunza hekta 117 za mikoko, na mapato yake yameleta maji na kusaidia shule. Mikoko imewalipa ikiwa imesimama.

Basi jibu langu kwa mwanafunzi wangu ni hili. Mwanangu, tufuge, lakini kuku ukimfuga vibaya hasara ni yako na uwanja wako. Kamba ukimfuga vibaya, hasara ni ya kijiji kizima na ya watoto ambao hawajazaliwa. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye bwawa aweza kufunga virago akaenda zake bei ikianguka. Sisi tutabaki hapa na visima vyetu, na mikoko ndiyo mbachao wetu.