Tusiusingizie Umeme: Kabati Ndilo Linaloua

Hapa Bujumbura, dekoda ikizima na isiwake tena, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi: "Umeme umeiua." Ampli ikianza kukoroma, ni umeme. Ruta ikijizima mchana na kuwaka usiku, ni umeme. Jirani anaitikia, fundi anaitikia, na mwenye mali anaanza kutafuta pesa za kununua nyingine. Mimi naipinga hukumu hiyo. Sisemi kwamba umeme wetu hauna makosa. Unakatika na kurudi kwa kishindo, na kila mtu anajua. Lakini kuna mshitakiwa mwingine aliyesimama sebuleni mchana kweupe, amepakwa vanishi, ana milango ya vioo, na hakuna anayemhoji. Huyo ni kabati la televisheni lililofungwa pande zote.

Msomaji mwenzangu, kabati hili unalijua, kwa kuwa huenda liko kwenu. Katikati lina nafasi ya televisheni. Chini lina vyumba viwili au vitatu vyenye milango. Nyuma limepigiliwa hadibodi kwa misumari midogo, na hadibodi hiyo ina tundu moja la kupitishia waya. Ndani ya vyumba vile vya chini wamebanana dekoda, ampli, ruta, stabilaiza, na penye vijana, PlayStation. Juu ya dekoda kimetandikwa kitambaa cha kufuma, ili nayo ipendeze. Kisha milango inafungwa, na kabati linasukumwa hadi ligusane na ukuta.

Tuanze na jambo ambalo mwanafunzi wa fizikia analijua na sisi wa lugha hatuna sababu ya kulikimbia. Umeme unaoingia kwenye kifaa haupotei. Karibu wote huishia kuwa joto. Sauti ya spika na mwanga wa taa ndogo ya mbele ni sehemu ndogo sana yake. Basi dekoda inayotumia wati 15, ruta ya wati 10 na ampli ya wati 35 ni sawa na jiko dogo la wati 60 lililowashwa ndani ya kabati. Na jiko hilo halipumziki: dekoda nyingi, hata ukizizima kwa rimoti na taa ikawa nyekundu, huendelea kula umeme.

Joto hilo litatokea wapi? Mbao hazilipitishi kwa urahisi. Ndiyo maana mwiko wa mbao hauunguzi mkono wa mpishi. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Chukua chumba kimoja cha kabati chenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 50 na kimo cha sentimita 30, cha mbao za unene wa milimita 18. Ukipiga hesabu, wati 60 ndani yake zitapandisha joto kwa nyuzi 18 hivi juu ya joto la sebule, hata kama pande zote zingekuwa wazi kwa hewa ya nje. Lakini nyuma kuna ukuta, na ubavuni kuna chumba kingine chenye joto lake, kwa hiyo halisi ni zaidi. Sasa mji wetu uko bondeni, kando ya Ziwa Tanganyika, na mchana sebule kufika nyuzi 29 si ajabu. Jumlisha: 47. Fungua kijitabu kilichokuja na kifaa, kile tunachokitupa pamoja na boksi, na mara nyingi utakuta kimeandikwa kwamba kifaa kisitumike mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 40.

Kinachokufa kwanza ni kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Ndani yake mna majimaji, na joto huyakausha polepole. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Likipanda nyuzi 20, inabaki robo. Kapasita ambayo ingedumu miaka 8 kwenye meza iliyo wazi itamaliza safari yake kwa miaka 2 ndani ya kabati. Pamoja na hayo, kila kifaa kikipata joto hutanuka, na kikipoa hunywea, mpaka lehemu inayoshika vipande kwenye bodi inapasuka nyufa. Katika mji ambamo umeme hukatika na kurudi, zoezi hilo hurudiwa mara nyingi kwa siku, na kabati hulifanya kuwa kali zaidi.

Nazungumza kwa ushahidi. Baba mdogo wangu ni fundi wa redio na televisheni huko Buyenzi, mtaa ambamo Kiswahili ndicho lugha ya barazani, na Jumamosi humsaidia kufungua vifaa. Kifaa kilichouawa na umeme huacha alama zake: fyuzi imelipuka na kuacha masizi, na kile kipande cha kuzuia umeme mkubwa mlangoni kimepasuka. Kilichouawa na joto kina alama nyingine: kapasita zimevimba vichwa kama maandazi, bodi imegeuka rangi ya chai, plastiki imekuwa kavu, ukiigusa inakatika. Anayesema "umeme" kabla ya kufungua kifuniko hajapima chochote.

Kuna mama mmoja anayeuza ndagala sokoni. Alileta dekoda yake ya pili, ile ya kwanza ikiwa imeshakufa. Aliambiwa na watu anunue stabilaiza. Akanunua, akaiweka ndani ya kabati lilelile, na kwa kuwa stabilaiza nayo hutoa joto, akawa ameongeza kuni jikoni. Kapasita zilikuwa zimevimba, fyuzi ilikuwa nzima. Baba mdogo akamwambia kwa heshima, "Mama, kabla hujafikiria nyingine, toa ile hadibodi ya nyuma." Akajibu, "Mwanangu, kabati nimelinunua kwa pesa za chama, bado nalipa. Leo unaniambia nilitoboe?" Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa sababu linaonyesha mzigo uko wapi. Mama analipa mara mbili: deni la kabati, na gharama ya vifaa ambavyo kabati linavila. Ukipiga hesabu ya ndagala zitakazouzwa ili dekoda moja irudi, hutaliita jambo hili dogo.

Wanaolitetea kabati la kufungwa wana hoja nne, na nitazijibu moja baada ya nyingine.

Wa kwanza husema milango inazuia vumbi. Kweli, kuanzia Juni hadi Agosti vumbi letu si la mchezo. Lakini vumbi hupita kwenye ule mwanya wa chini ya mlango na kwenye tundu la waya, kisha likiingia haliondoki, kwa sababu aliyefunga mlango haoni haja ya kufuta. Vumbi la kwenye rafu iliyo wazi huonekana, na kinachoonekana hufutwa. Kitambaa kikavu mara moja kwa wiki kinatosha.

Wa pili huogopa watoto na wezi. Kwa watoto nakubaliana naye, na dawa yake ni mlango wa wavu au wa mbao zilizotobolewa, wenye kufuli ukitaka. Mkono wa mtoto hautapita, hewa itapita. Ama mwizi, sijasikia mwizi aliyeshindwa na kioo cha milimita 4.

Wa tatu hutetea uzuri. Wahenga walishamjibu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tena nani amesema matundu ni ubaya? Anayetembea Mji Mkongwe wa Zanzibar huinua macho kutazama roshani za mbao zilizokatwakatwa kwa nakshi, zinazoficha aliye ndani na kupitisha upepo. Seremala wetu anayeweza kuchonga maua kwenye ubao wa kitanda anaweza kuchonga mlango unaopitisha hewa.

Wa nne hujiona mjanja: "Nitaweka feni ndani." Feni ndani ya sanduku lililofungwa hukoroga joto lilelile, kama mtu anayekoroga uji akitarajia utapoa huku sufuria iko motoni. Feni inafaa ikiwa inatoa hewa nje na kuna tundu jingine la kuingizia hewa mpya.

Nataka kusema neno la pekee juu ya mlango wa kioo, kwa sababu ndio unaosifiwa kuliko yote na ndio mbaya kuliko yote. Mwanga wa rimoti haupiti kwenye mbao. Mwenye mlango wa mbao hulazimika kuufungua ili abadilishe stesheni, na kwa kufungua, bila kujua, huvipa vifaa vyake hewa. Mwanga huo hupita kwenye kioo. Kwa hiyo mwenye mlango wa kioo haufungui kamwe, tangu habari za saa mbili hadi filamu ya mwisho.

Na tusidhani kwamba hekima hii ni ya wageni. Kabati la vyakula la bibi zetu lilikuwa na wavu wa waya pande zake. Bibi alijua kwamba chakula kikifungiwa mahali pasipo na hewa huharibika, na alijua pia kwamba paka na inzi wapo. Akapata kitu kinachozuia wanyama na kupitisha hewa. Nyumba nyingi za zamani zina matundu juu ya madirisha kwa sababu hiyohiyo: hewa ya moto hupanda, basi iachiwe njia ya kutokea juu. Tuliyoyajua kuhusu wali na mchuzi tumeyasahau kuhusu dekoda.

Tufanye nini? Kwa mwenye kabati tayari, atoe hadibodi ya nyuma ya vyumba vyenye vifaa. Itamgharimu koleo na nusu saa, wala mgeni hataiona. Kisha avute kabati sentimita 5 au zaidi kutoka ukutani. Asipotaka kuitoa, achukue msumeno mwembamba akate nafasi mbili katika kila chumba, moja chini na moja juu, kila moja ya sentimita 10 kwa 20 hivi. Hewa baridi itaingia chini, ya moto itatoka juu, bila feni wala senti. Vitambaa vitoke juu ya vifaa. Vifaa visibebane migongo. Ampli, ambayo ndiyo yenye moto zaidi, ikae rafu ya juu, joto lake lisipande kuwaunguza wengine. Mwenye PlayStation na ampli kubwa, zinazofika wati 100 na zaidi, aongeze feni ya kompyuta ya sentimita 12 kwenye tundu la juu, ikivuta hewa kutoka ndani. Kuondoa wati 100 huku joto likipanda nyuzi 10 tu kunahitaji mita 30 za ujazo za hewa kwa saa, na feni hiyo huziweza hata ikizunguka taratibu, bila kelele.

Wanafunzi wenzangu, tusiwacheke akina mama wa sokoni. Katika hosteli nyingi nilizoingia, ruta imefungiwa kwenye kisanduku cha mbao ukutani, kina kufuli na hakina tundu, na sisi tunaosoma vyuo vikuu tunalalamika kwamba intaneti inakatika saa nane mchana. Kwa nini saa nane, na isiwe saa nane usiku? Swali hilo halihitaji shahada. Na walimu wetu, mnaotufundisha kutofautisha sababu na kisingizio, nawaomba mtazame makabati ya madarasani yalikofungiwa ampli za vipaza sauti.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliyasema hayo kuhusu nyumba. Kwa kabati la televisheni, ukiziba ufa utanunua dekoda. Kwa hiyo siku utakapokwenda kwa seremala kuagiza kabati, kabla ya kuuliza rangi ya vanishi, muulize maswali mawili: hewa itaingilia wapi, na itatokea wapi? Akishindwa kukuonyesha kwa kidole, usitoe arubuni.