Msomaji wa likizo asipangiwe riwaya

Na Furaha Byamungu
Safu ya Jumamosi

Muhula wa tatu ukifungwa mwanzoni mwa Desemba, shule za Mbarara na Isingiro, Uganda, hukaa kimya hadi Februari, na waliomaliza Senior Six hubaki na vakesheni inayoendelea mpaka Agosti, vyuo vikuu vinapofungua. Ni miezi ambayo kijana wa huku anaweza kushika riwaya bila kuwaza swali la mtihani. Ni miezi pia ambayo watu wenye moyo mwema huuliza ni vitabu gani vipelekwe makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kabla hawajajibiwa huwa wameshajijibu wenyewe: mkimbizi apewe hadithi za ukimbizi, za vita na kusameheana, au kijitabu chenye funzo ukurasa wa mwisho. Siwalaumu kwa nia. Nawalaumu kwa kumfanya msomaji kuwa mgonjwa na riwaya kuwa dawa. Anayesoma kwa starehe ana haki ya kuchagua mwenyewe, kuacha katikati akichoka, na kusema mbele za watu kwamba kitabu fulani hakina ladha, hata kama mwandishi wake ana tuzo.

Riwaya ya Kiswahili yenyewe ilipendwa kwa njia hiyo. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na miaka hiyohiyo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa 1960. Hakuna aliyemfuata mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake ili apate maadili. Watu walitaka kujua nani kaua, na walipenda maongezi yake na rafiki yake Najum, ambayo kwa maoni yangu ni matamu kuliko fumbo lenyewe. Baadaye Elvis Musiba akaja na Willy Gamba, Ben Mtobwa na Joram Kiango, na vitabu vikawa vinapita mkono hadi mkono mpaka majalada yakatoka. Musiba alimpeleka mpelelezi wake hadi Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi. Hapo msomaji wa Nakivale aliyetoka Kongo ana la kusema ambalo mhakiki wa Dar es Salaam hana: je, huo ni mji wa Wakongo kweli, au ni Dar iliyobadilishwa majina ya mitaa? Swali hilo halimo katika mwongozo wowote wa mwalimu. Huzaliwa pale watu wawili waliosoma kitabu kimoja wanapobishana.

Nitaambiwa kwamba mtu hufarijika akijiona kitabuni. Ni kweli, na ushahidi bora ni Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar kijana akawa mkimbizi Uingereza, akapata Nobel mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya 1994 sasa tunayo kwa Kiswahili, Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Lakini tazama inavyoanza. Mtoto Yusuf anafurahia ugeni wa Ami Aziz kwa sababu mgeni huyo humwachia sarafu kila anapoondoka. Safari hii Ami hatoi sarafu, anaondoka na mtoto mwenyewe, na hukohuko ugenini kijana Khalil ndiye anayemfungua macho: yule si ami yako, baba yako ana deni na wewe ndiye rehani. Hakuna hotuba pale. Msomaji anaumia kwa sababu alikuwa ameshaanza kumpenda Aziz, mtu mpole anayenukia manukato. Uchungu ule unakuja kwa mlango wa starehe. Tena msafara wa Aziz unapoingia bara na kuvuka ziwa kwenda upande wa Kongo, tunawaona wenyeji kupitia macho ya wafanyabiashara wa pwani, wanaowaita washenzi bila haya. Gurnah anawaanika wafanyabiashara hao, hilo naliona. Hata hivyo, msomaji mwenye asili ya Uvira au Kalemie akikasirika kwamba babu zake wamepewa nafasi finyu ya kusema, hasira yake ni uhakiki halali, na ningependa kuisoma gazetini kuliko sifa kumi za heshima.

Kuna pingamizi zito zaidi, la tumbo. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi milioni moja nchini Uganda, na mtu aliyekatiwa mgao ana haki ya kuuliza riwaya itapikwa na nini. Sina jibu la kumshibisha. Ninachosema ni kwamba vitabu vinaletwa vilevile, kwa fedha ambazo hazikutengwa kwa ajili ya unga, na aliyeamua kuvileta hapotezi kitu akileta vile vinavyotakiwa. Wengine watasema kijana asome Kiingereza, maana mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, uko katika lugha hiyo. Asome. Starehe ya lugha moja haijamzuia mtu kufaulu katika nyingine.

Na Mbarara je, riwaya za Kiswahili zitasomwa? Mji huu ulikijua Kiswahili kupitia bunduki: kambi ya jeshi ya Simba, amri ya Idi Amin ya 1973 ya kukifanya lugha ya taifa, kisha majeshi ya Tanzania yaliyoingia Februari 1979. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kifundishwe shuleni, lakini agizo la serikali peke yake halitafuta picha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Bwana Msa anaweza kuifuta kwa kurasa chache.

Kuhusu wanaoogopa kwamba kijana akiachiwa uhuru ataokota takataka, wakumbuke Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi aliitoa 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa madai ya kuharibu wasichana, na baadaye ikarudi shuleni kama kitabu cha kiada. Wasomaji walikuwa wameshaamua zamani. Nami naongeza hukumu isiyopendwa: Siku Njema ya Ken Walibora, inayomfuata Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba, imesifiwa kupita kiasi, maana bahati inamwokoa kijana huyo mara nyingi mno na methali zinabanana kila ukurasa. Anayeipenda aniandikie anipinge. Na wewe unayefunga boksi la vitabu la Desemba hii, uliza kwanza wasomaji wa Nakivale, wa Base Camp, Juru na Rubondo, wanataka vitabu gani, kisha uwaletee hivyo.