Wanahisa Nao Wasikilizwe

Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Hudai na kudaiwa kwa jina lake, na mwanahisa hana idhini ya kuisemea mahakamani. Kanuni hiyo ni njema, maadamu kampuni ina msemaji wake.

Shauri la Devas na Antrix ni funzo. Mwaka 2015 wasuluhishi waliiamuru Antrix, shirika la serikali ya India, kuilipa kampuni ya Devas dola milioni 562.5 kwa kuvunja mkataba wa setilaiti. Mwaka 2020 mahakama ya Marekani mjini Seattle ikaithibitisha tuzo hiyo. Mwaka 2021, kwa maombi ya Antrix yenyewe, Devas ikawekwa chini ya mfilisi wa serikali nchini India. Je, mfilisi huyo angeidai Antrix kwa moyo? Huko ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere.

Wanahisa waliomba kuunganishwa katika shauri la Seattle, wakakubaliwa. Ilikuwa haki. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya India ilitamka kuwa Devas iliundwa kwa udanganyifu, na Mahakama Kuu ya Delhi ikaitengua tuzo. Tuhuma nzito namna hiyo yahitaji mtu wa kuijibu.

Kuwasikiliza wanahisa si kuwakabidhi fedha. Fedha ni za kampuni, na wadai wake hutangulia. Lakini mfilisi anapoelemea upande wa mdaiwa, hapana budi mahakama iwafungulie mlango.