Bagration na Mchanga Tunaouacha Mwaloni

KUTOKA MWALONI
Na Mabula Ng'wandu

Wiki iliyopita nilikaa nusu siku kwenye mwalo mmoja wa kuchenjulia dhahabu upande wa Nyarugusu, mkoani Geita. Kijana mmoja alikuwa amesagiwa mawe yake kwenye karasha. Akayaosha, akatia zebaki, akakamua kwa kitambaa mpaka kikabaki kidonge cheupe kisichozidi punje ya harage. Akakitazama kwa furaha, akakitia mfukoni, akaanza kuondoka. Nyuma yake yalibaki marudio yote, lundo la mchanga wa kijivu uliokuwa bado unachuruzika maji.

Nilimwita, nikamuuliza lundo lile anamwachia nani.

"Mwenye karasha, mzee. Ndiyo utaratibu. Hayo ni mabaki tu."

Neno hilo "mabaki tu" limenikaa kooni wiki nzima. Mchimbaji anayetegemea zebaki, mara nyingi, hapati hata nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mawe yake. Zebaki hushika chembe inayoigusa tu. Dhahabu iliyo laini kama unga, au iliyofungwa ndani ya punje ya jiwe ambayo karasha haikuivunja, hupita na maji na kutua kwenye marudio. Mwenye karasha anajua hivyo. Ndiyo maana huyalimbikiza mpaka yatoshe, kisha huyapeleka kwenye matangi ya sianidi na kuvuna kile ambacho mwenye mawe alikiacha. Simlaumu. Ameweka mtaji na ana elimu. Uchungu wangu uko kwenye hiyo elimu ya sianidi, kwa sababu imechapishwa wazi tangu mwaka 1844 na hadi leo haijamfikia aliyeshuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia.

Aliyeichapisha aliitwa Pyotr Romanovich Bagration. Katika miaka yote niliyozunguka kati ya Kahama na Geita sijasikia mtu akimtaja, si darasani wala machimboni. Alizaliwa mwaka 1818 katika ukoo wa kifalme wa Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi iliyokuwa chini ya dola la Urusi. Hata Warusi wakisikia jina Bagration humkumbuka baba yake mkubwa, jenerali aliyejeruhiwa kwenye vita vya Borodino mwaka 1812 akipambana na majeshi ya Napoleon, akafa kwa jeraha hilo. Huyu wetu naye alivaa sare, akapanda hadi ujenerali, akawa gavana wa Tver na baadaye gavana mkuu wa majimbo ya Baltiki mpaka alipofariki mwaka 1876. Wanaosimulia maisha yake hudumu kwenye vyeo. Mimi nataka tudumu kwenye miaka michache ya ujana wake, alipokuwa na umri wa miaka 20 na ushee, katika maabara ya Boris Jacobi mjini St. Petersburg.

Jacobi ndiye aliyeonyesha namna ya kujenga umbo la shaba kwa nguvu ya umeme. Wakati huo Ulaya nzima ilikuwa imeshikwa na hamu ya kupaka vyombo dhahabu kwa umeme. Kule Birmingham, Elkington alikuwa amepata hataza yake mwaka 1840, na maji yaliyotumika yalikuwa na sianidi ya potasiamu. Bagration akayachunguza maji hayo kwa jicho jingine. Aliona kwamba dhahabu huyeyuka humo hata bila waya wa umeme kuunganishwa, na kwamba joto huharakisha kazi. Ni kweli, Mswidi Carl Wilhelm Scheele alikuwa ameligusia jambo hili katika karne ya 18. Lakini Bagration alilichunguza kwa utaratibu, akaangalia namna sianidi inavyozila metali mbalimbali, akayaandika katika jarida la Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg. Miaka miwili baadaye, mwaka 1846, Elsner wa Ujerumani akaeleza kwamba kazi hiyo haiendi bila oksijeni. Mwaka 1857 Michael Faraday akaweka karatasi nyembamba ya dhahabu ielee juu ya maji ya sianidi, akaiona ikiliwa kwa kasi kwa sababu hewa ilikuwa jirani yake.

Katika maabara hiyohiyo Bagration alitengeneza betri. Alichukua udongo, akaulowesha kwa maji ya chumvi ya amonia, akachomeka humo bamba la shaba na bamba la zinki. Umeme wake ulikuwa mdogo, lakini ulidumu muda mrefu na hapakuwa na tindikali ya kumwagika. Betri kavu zilizokuja kuuzwa madukani zilitoka mikononi mwa watu wengine, miongo kadhaa baadaye, nao ndio waliobaki vitabuni. Kila ninapoona tochi ya kichwani ikizama kwenye duara namfikiria yeye na chungu chake cha udongo.

Tena kazi hizo mbili ni ndugu wa damu. Sayansi iliyokuja baadaye ilionyesha kwamba chembe ya dhahabu ndani ya tangi la sianidi ni betri ndogo yenyewe. Upande mmoja wa chembe dhahabu inaachia elektroni zake na kuingia majini. Upande mwingine oksijeni inazipokea. Oksijeni ikipungua, mzunguko unakatika, nayo dhahabu inakaa palepale ilipo, hata ukimimina sianidi ya bei mbaya kiasi gani. Na maji hayabebi oksijeni nyingi: kwenye joto la nyuzi 25, lita moja hubeba takriban miligramu 8 tu. Hiyo ndiyo sababu migodi mikubwa kama Geita Gold Mine (GGM) hupuliza hewa na kukoroga matangi yake usiku na mchana, kisha hukamata dhahabu iliyoyeyuka kwa kaboni. Nimeona mwenye tangi akiongeza sianidi wiki baada ya wiki, akilalamika kwamba mchanga wake ni mbishi, kumbe mchanga umekosa pumzi. Hasara ile ingezuilika kwa somo la saa moja.

Wakubwa wa dunia waliipata faida ya ugunduzi huu mapema. Mwaka 1887 John Stewart MacArthur na madaktari wawili ndugu, Robert na William Forrest, wa Glasgow, walisajili hataza ya mbinu ya kuchenjua dhahabu kwa sianidi. Mwaka 1890 ikafika Johannesburg, ambako mawe ya kina kirefu yalikuwa na salfa na yalikuwa yameikataa zebaki. Migodi iliyokuwa ukingoni mwa kufungwa ikafufuka. Kisha wenye migodi wakachoka kulipia hataza, wakaenda mahakamani. Mwaka 1896 mahakama ya Transvaal ikaibatilisha, kwa kuwa elimu yenyewe ilikuwa imekwishajulikana. Maandishi ya watu kama Bagration yaliwasaidia matajiri wa Johannesburg kuokoa fedha zao. Kwa nini yasimsaidie mwana wa machimbo ya Nyarugusu au ya Mwakitolyo?

Kuna sehemu ya kazi yake inayotuhusu zaidi ya zote, ile ya sianidi kuzila metali nyingi. Mawe ya mgodi wa Bulyanhulu yana shaba pamoja na dhahabu, na shaba hunywa sianidi kabla dhahabu haijapata. Anayetaka kuelewa kwa nini kulikuwa na makinikia, ule mchanga wa shaba na dhahabu uliosafirishwa nje, yaliyotikisa nchi mwaka 2017 aanzie hapo. Na zebaki nayo ni metali. Marudio yaliyokwishapitiwa na zebaki yakitiwa kwenye sianidi, zebaki iliyosalia humo inayeyuka pia, na ikishayeyuka husafiri na maji. Inaweza kufika kwenye mashamba ya mpunga, kwenye lambo la ng'ombe, kwenye kisima. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na bado kila siku tunachanganya sumu hizi mbili kana kwamba ni chumvi na pilipili.

Simwambii mtu akanunue sianidi aifungue uani. Ni sumu inayoua haraka. Chokaa ikipungua kwenye tangi, sianidi hugeuka hewa na kumkuta mtu amesimama. Ninachodai ni kwamba vituo vya mfano vya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) vilivyojengwa Lwamgasa na Katente kuwaonyesha wachimbaji uchenjuaji bora vijazwe na watu wanaochimba, wafundishwe kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na vikundi vyao vichenjue pamoja bila zebaki. Ninadai pia kwamba mtu asiachie marudio yake kabla ya kupimwa. Mwenye karasha ana haki ya ujira wake, lakini ujira hukubaliwa pale pande zote mbili zinapojua kilichomo. Na walimu wa kemia wa Shinyanga na Geita, somo mnalo nje ya dirisha. Wafundisheni watoto Bagration pamoja na Faraday.

Yule kijana nilimsimulia haya kwa kifupi tukiwa tumesimama juani. Alinyamaza, akaligeukia lundo.

"Sasa mzee, hapo nimeacha ngapi?"

Nikamwambia jibu liko maabara. Akamwendea mwenye karasha, wakazungumza Kisukuma kwa muda, sauti ikapanda kidogo, ikashuka. Kisha akarudi na sepetu, akachota mchanga sehemu tano za lile lundo, juu, chini na kandokando, akautia kwenye kiroba, akakifunga mdomo kwa uzi wa katani. Nilipoondoka alikuwa anapatana nauli na bodaboda wa kwenda Geita mjini.