Tiketi ya Bure, Kazi ya Vita

Unyonyaji hubadili vazi, haubadili tabia. Wasichana wa Kiafrika wa umri wa miaka 18 hadi 22, wakiwamo wa Uganda, Rwanda na Kenya, waliahidiwa tiketi ya bure, masomo na kazi huko Alabuga, nchini Urusi. Oktoba 2024, shirika la habari la AP lilifichua kwamba wengi waliishia kiwandani, wakiunda ndege zisizo na rubani za kuishambulia Ukraine na kushika kemikali zinazodhuru ngozi. Aprili 2024 bweni la huko lilikwisha kushambuliwa.

Kazi ni utu. Kazi ya hadaa ni dhuluma. Serikali zetu zikague kila mkataba kabla kijana hajaondoka. Jasho la wanyonge lisiwashe moto wa wakubwa.