Hofu Isikemewe
Msichana wa Gorong'a, wilayani Tarime, akikimbia ukeketaji huunusuru mwili wake, lakini nafsini hubaki sauti mbili: moja yashukuru, nyingine yaogopa laana ya wazee na kumlilia mama. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Hofu hiyo haiiondoi.

Tiba ya sehemu za nafsi, iliyoasisiwa na Richard Schwartz wa Marekani miaka ya 1980, hufundisha kwamba kila sehemu humtakia mema mwenye nafsi. Basi kiongozi wa dini asiikemee hofu kama pepo, wala mtabibu asiidharau kama ujinga. Tuisikilize kwanza, sote pamoja; sala ifuate, msichana mwenyewe akiitaka. Sala inayonyamazisha nusu ya nafsi haiponyi.